UZI: Nimeisikiliza "Larks' Tongues in Aspic" ya King Crimson (1973) gizani, na dakika zake za mwanzo ni marimba ya mkono

Mjukuu wa Ilimba (mwanzisha uzi)

Habari za usiku wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, na mwenye hedifoni aziweke karibu.

Kuna albamu imeninyima usingizi wiki ya pili sasa. Ni ya King Crimson, bendi ya Uingereza, ilitoka Machi 1973. Jina lake ni Larks' Tongues in Aspic, yaani ndimi za kipozamataza ndani ya mchuzi wa nyama ulioganda. Kipozamataza ni kile kindege cha mbugani kinachopaa huku kinaimba. Inasemekana jina lilitoka kwa mpiga ngoma wao, Jamie Muir, alipoulizwa muziki wanaoutengeneza unafananaje. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani ni mbwembwe. Sasa naona alijibu swali sawasawa: kitu chepesi kinachoimba, kimenaswa ndani ya kitu kizito cha baridi.

Mara ya kwanza niliiweka nikiwa kwenye daladala kutoka Mbezi kwenda Kariakoo. Nikabonyeza, kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikasikia kama mtu anapanga vijiko jikoni nyumba ya tatu. Nikaruka wimbo. Wa pili nao ukaanza taratibu, konda anagonga bati, nikaachana nayo. Naomba msirudie kosa hilo. Hii albamu ina sehemu za chini sana na sehemu za juu sana, na za chini ndizo zinazobeba za juu. Ukizikosa zile, hizi zitakujia kama kelele tu.

Juzi umeme ukakatika mtaani saa tano usiku. Feni kimya, friji la dukani kimya, televisheni za majirani kimya. Nikalala chali sakafuni, nikavaa hedifoni, nikaanza upya kuanzia wimbo wa kwanza. Ndipo nikasikia ni kitu gani kile. Ni vidole gumba viwili juu ya ndimi za chuma. Marimba ya mkono.

Wakuu, babu yangu mzaa mama alikuwa Mgogo wa Mpwapwa na alikuwa na ilimba. Sanduku la mti, ndimi alizifua mwenyewe kwa chuma chakavu, na ubaoni palikuwa na kitundu kimefunikwa kwa ule utando mweupe ambao buibui wa ukutani huwekea mayai yake. Sisi watoto ndio tuliotumwa kuubandua. Unatakiwa uupate mkavu, mzima, mwembamba kama karatasi ya sigara, uubandue kwa ukucha usipasuke. Ukipasuka unarudi ukutani. Utando ule ndio unaoipa ilimba mtetemo wake, kile kivumo kinachoifuata kila noti. Sasa nimelala Dar gizani, mwaka wa kumi na moja tangu tumzike mzee, na wazungu wa London wa 1973 wananifungulia albamu kwa vidole gumba.

Wimbo huo wa kwanza, Sehemu ya Kwanza, ni dakika 13 na nusu. Marimba zinatembea zenyewe, juu yake vinaingia vikengele na vyuma vidogovidogo, mpaka unajisahau. Halafu fidla inaanza kukwaruza chini kwa chini, fupifupi, kama mtu anayetaka kusema jambo anasita. Gitaa linaingia nyuma yake, linakwea ngazi moja, ya pili, ya tatu. Unajua kabisa kuna kitu kinakuja. Kinapotua, wakuu, nilikaa kitako. Besi, gitaa na ngoma vinaanguka pamoja kama tofali zinamwagwa kutoka kwenye lori. Kisha vinanyamaza, fidla inarudi kusita palepale ilipoachia.

Marimba, halafu fidla. Kwetu ni ilimba, halafu zeze. Wanajukwaa wa Dodoma mnanielewa.

Naomba michango yenu. Mliowahi kuisikiliza mnaisikiaje?

Kanda Mbili

Mkuu nimefungua sasa hivi. Dakika ya pili nasikia kengele. Dakika ya tatu bado kengele. Roki yenyewe iko wapi? Mimi muziki unanishika sekunde ya kumi au haunishiki kabisa. Sisemi kwa ubaya, nauliza kweli: hiyo subira yote inalipwa?

Mjukuu wa Ilimba

Inalipwa kaka. Nikuulize nawe: ukisikiliza dansi la Kongo, sebene linaanza sekunde ya kumi? "Mario" ya Franco ya 1985 inapita dakika kumi na hakuna anayelalamika. Tunakaa na maneno, tunakaa na gitaa la solo linazungukazunguka, kwa sababu tunajua mlango utafunguliwa. Hapa ni vilevile, tofauti ni kwamba mlango ukifunguka hutoki kwenda kucheza. Rudi mwanzo, zima kila kitu, usiiangalie saa.

Fundi Santuri

Salaam kutoka Nairobi. Nina santuri ya albamu hii, ganda jeupe, katikati jua na mwezi vimeunganishwa uso kwa uso. Niongeze historia kidogo, itawasaidia mnaoanza.

King Crimson walianza 1969 na albamu yao ya kwanza iliwapa jina kubwa, lakini kundi lile lilivunjika upesi. Kufikia 1972 Robert Fripp, mpiga gitaa, alikuwa amebaki peke yake kati ya waanzilishi. Akakusanya watu wapya wanne: John Wetton wa besi na sauti, David Cross wa fidla, Bill Bruford wa dramu, na huyo Jamie Muir. Hebu mfikirieni Bruford. Alikuwa ndani ya Yes, bendi iliyokuwa ikipaa, wametoka tu kurekodi "Close to the Edge", naye akaondoka. Aliacha mahali penye uhakika akaenda kukaa pembeni ya mtu anayepiga mabati na minyororo.

Muir alitoka Edinburgh, na alikuwa ameshinda na wanamuziki wa Uingereza wanaopiga bila noti wala mpango, kila usiku upya. Kwa hiyo bendi ilikuwa na wapiga ngoma wawili: mmoja anahesabu kama saa ya ukutani, mwingine anatafuta sauti kwenye chochote kinachogongeka. Ukivaa hedifoni utamsikia Muir anapita nyuma ya Bruford, anatikisa, anaburuza, anapuliza filimbi. Bruford amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba yule bwana alimfundisha mpigaji yupo kuutumikia muziki, si muziki kumtumikia yeye.

Walirekodi London mwanzoni mwa 1973. Muir akaacha bendi Februari, akaenda kuishi katika monasteri ya Kibuddha huko Scotland. Albamu ilipofika madukani Machi, mtu aliyeipa jina na aliyeifungua kwa vidole vyake hakuwemo tena. Amefariki Februari 2025. Siku ile niliipiga yote, pande zote mbili, sikuinuka.

Binti Chamwino

Mwanzisha uzi, umenitoa machozi kwa habari ya utando wa buibui. Bibi yangu alikuwa akitukataza kuua buibui wa ukutani, mpaka leo siwaui.

Ila niweke jambo moja sawa. Kinachosikika mle si ilimba yetu, ni kalimba, na ndugu hao wawili hawalingani. Hiyo kalimba ya madukani ni kazi ya Hugh Tracey, aliyeanza kuitengeneza na kuiuza kutokea Afrika Kusini miaka ya 1950, akafuata mfano wa mbira na jamaa zake wa kusini. Iliwekwa ilingane na kinanda ili Mzungu aipige nyimbo zake. Ilimba ya Kigogo haifuati kinanda. Sauti zake zinapanda kwa ile ngazi ya asili unayoisikia ukigusa uzi wa zeze kidogo tu, bila kuukandamiza. Ndiyo maana Wagogo wakiimba kwa sauti nyingi, mtu aliyezoea kinanda anadhani kuna sauti imepinda. Haijapinda. Imekaa pale ilipozaliwa.

Jambo la pili linaniuma. Nimesoma ganda la albamu mtandaoni. Wenzake wote wametajwa na vyombo vyao. Muir ameandikiwa vyombo vya kugonga "na mchanganyiko mwingineo", neno lenyewe la Kiingereza ni la peremende za kuchanganya kwenye pakiti. Kalimba haikutajwa. Dakika zile za mwanzo, ambazo bila hizo albamu haina mlango, chombo kilichozibeba kimeingizwa kwenye makorokoro. Kwetu hicho ni chombo cha mtu mzima, kina jina, na aliyekitengeneza ana jina.

Naipenda albamu. Nimeisikiliza mara mbili tangu jana. Lakini hili nilitaka liwe humu.

Fundi Santuri

Dada, hoja yako ni nzito na siipingi. Niongeze tu njia ilikoendea baadaye, maana ipo.

Fripp alipoivunja King Crimson 1974, baada ya muda akawa karibu na Peter Gabriel, aliyekuwa ametoka Genesis. Alipiga gitaa kwenye albamu ya kwanza ya Gabriel ya 1977, na ya pili, ya 1978, akaisimamia yeye. Gabriel huyohuyo ndiye aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la WOMAD, lililofanyika mara ya kwanza 1982, na mwaka 1989 akafungua lebo ya Real World. Na Real World ndiyo iliyotoa "Chibite" ya Hukwe Zawose, mpiga ilimba wa Kigogo, mwaka 1996, kisha "Assembly" mwaka 2002, Zawose pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Jina la Zawose liko juu ya ganda, kubwa.

Kwa hiyo kutoka kalimba isiyotajwa ya 1973 hadi ilimba yenye jina ya 1996, watu ni walewale au marafiki wa watu walewale. Miaka 23.

Binti Chamwino

Mzee Hukwe! Alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, tulikwenda pale na shule nikiwa darasa la sita. Alikuwa na ilimba kubwa, ndimi nyingi mno kwa macho ya mtoto, na alipoimba sauti ilitoka nyembamba juu halafu inashuka nzito mpaka unatafuta mtu wa pili amesimama wapi. Amefariki Desemba 2003. Na mjue ukoo haujakoma: Pendo na Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa "Maisha" 2024 kwa lebo hiyohiyo. Wanawake, kwenye nyumba ambayo mbele walikaa wanaume.

Basi Fundi, nashukuru. Imenipoza, japo haijanimaliza.

Tambo la Bujumbura

Niko Burundi, nimekuwa nasoma tu. Kwa kuwa WOMAD imetajwa: tamasha lile la kwanza la 1982, wapiga ngoma wetu wa Burundi walikuwepo, wakapanda jukwaani na bendi ya roki ya Liverpool, Echo & the Bunnymen. Ngoma za kifalme na magitaa ya umeme. Watu wengi wanadhani kuchanganya huku kulianza juzi.

Mhesabu

Wakuu, mimi ni mpiga dramu wa kwaya, sijui historia ila naweza kuhesabu. Nimekaa na wimbo wa mwisho, Sehemu ya Pili, dakika saba, siku tatu mfululizo na vijiti na godoro.

Wengi wanaousikia wanasema hauna mpango. Una mpango. Sisi tumezoea nne: moja mbili tatu nne, kiitikio kinarudi, mguu unajua wenyewe. Hapa gitaa linahesabu kumi, na kumi yenyewe limeikata tatu, tatu, mbili, mbili. Ipigeni mezani kwa kiganja, mkitia nguvu kwenye kila mwanzo:

TA-ka-ta TA-ka-ta TA-ka TA-ka

Rudia bila kupumzika. Mara ya tano hivi mwili unaikubali. Ukishaikubali, sikiliza wanavyoongeza moja ya ziada mwishoni mara kwa mara, unabaki mguu juu. Hiyo moja ndiyo inayoufanya wimbo uonekane unakufukuza. Ngoma za kwetu nazo zimejaa mgawanyo wa namna hii, mbili juu ya tatu, tatu juu ya mbili. Mama zetu wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanafanya hayo ngoma ikiwa katikati ya magoti, wanaimba na kucheza juu yake. Kwa hiyo mtu asiwatishe kwamba huu ni muziki wa hesabu za chuo kikuu. Tatizo ni kwamba redio ilitufundisha nne tupu.

Kitu kimoja zaidi. Msiruke wimbo wa tano, "The Talking Drum". Jina ni la ile ngoma ya Afrika Magharibi inayobanwa kwapani. Unaanza karibu na kimya, upepo tu, kisha mikono juu ya ngoma, besi inashika duara moja haiachii, fidla na gitaa vinapanda, vinapanda, dakika saba nzima, mpaka kunatokea kelele ya kukwaruza inayoumiza, na papo hapo, bila hata nafasi ya kupumua, Sehemu ya Pili inagonga. Kwenye simu yenye matangazo katikati ya nyimbo mahali hapo panaharibika kabisa. Tafuteni namna ya kuzisikia zikiwa zimeungana.

Kanda Mbili

Nimerudi. Jana usiku nilifanya kama mlivyoelekeza, taa zimezimwa, simu iko mbali.

Nitasema kweli. "Easy Money" bado hainiingii, na kile kicheko cha mashine mwishoni kilinikera. "Book of Saturday" ni nzuri, fupi, ningeweza kumpigia mtu yeyote. Lakini ni hiyo "The Talking Drum". Nimeishi na muziki wa kuanza kwa kishindo, sikuwahi kukaa na wimbo unaoanza kwa kutokuwepo. Sikujua ni wakati gani ulifika. Nilijikuta nimekunja ngumi.

Sijui kama nitakuwa shabiki wa roki ya progresivu. Hiyo jozi ya nyimbo mbili za mwisho nimeisikiliza mara nne.

Yuko Ughaibuni

Mwaka wa saba niko mbali na nyumbani. Hakuna aliyeutaja wimbo wa tatu, "Exiles", wa watu walio mbali na kwao. Unaanza kwa mivumo ya giza, kama uko ndani ya meli, halafu Wetton anaanza kuimba na fidla inamfuata kwa mbali. Hana sauti ya kujionyesha. Anaimba kama mtu anayeandika barua. Kwenye kipande cha mwisho gitaa la Fripp, ambalo kwingine kote ni msumeno, linanyooka likawa noti ndefu moja moja.

Ninausikiliza nikitoka zamu ya usiku, kituo cha basi, alfajiri. Hapo sihitaji chumba cha giza mnachokisema.

Mjukuu wa Ilimba

Wakuu, nawashukuru wote, uzi umekuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia. Binti Chamwino, nimekubali, nilisema ilimba kwa mapenzi ya babu. Ni kalimba. Lakini nilitaka kuwa na hakika, kwa hiyo leo mchana nimempigia mdogo wake babu. Ana miaka themanini na kitu, yuko kijijini, masikio mazima, naye alikuwa akipiga zeze pembeni ya kaka yake. Binamu yangu aliishika simu, mimi nikaiweka hedifoni moja juu ya maikrofoni ya simu yangu. Sauti mbovu, mnajua.

Sikumwambia ni kitu gani. Akasikiliza kimya kama dakika mbili hivi. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema:

"Hiyo haina buibui."

Nikamwambia ndiyo babu, haina.

"Aliyeipiga anajua kungoja," akasema. "Lakini aliyeitengeneza hakumaliza."

Gitaa lilipoanguka nikamsikia binamu anacheka, na nikasikia simu inasogezwa. Nikataka kuzima, mzee akakataa. Ameisikiliza mpaka fidla ya mwishomwisho, ile iliyobaki peke yake, kabla ya zile sauti za watu wanaoongea kama redio ya chumba cha pili. Hapo akaniuliza kama mpiga zeze bado yuko hai. Nikamwambia David Cross yuko hai. Akauliza zeze lake lina nyuzi ngapi. Nikamwambia nne.

Akanyamaza kidogo, kisha akaomba nirudishe kile kipande cha fidla peke yake, na binamu aongeze sauti.